Kuchukua umbo la mkono na mguu wa mtoto mchanga nyumbani: alginati kwenye ngozi, plasta kwenye kalibu

fundi_meno (mleta uzi)

Wanajukwaa, habari za wakati huu.

Mara nyingi humu ndani wazazi huuliza namna ya kutengeneza sanamu ndogo za mikono na miguu ya watoto wao wachanga, na majibu wanayopewa mengi ni ya juujuu, na mengine ni ya hatari kabisa. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya meno hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ya kila siku ni kumimina plasta katika vipimo vya meno vinavyoletwa na madaktari, na vifaa vya kazi hiyo ndivyo hivyohivyo vinavyofaa kwa mkono wa mtoto. Naomba basi niandike kwa kirefu, nikianza na lile ambalo mzazi akilikosea hakuna sanamu itakayomfariji.

Plasta isiguse ngozi ya mtoto. Isiwe kidogo, isiwe kwa dakika moja, isiwe kwa sababu umempaka mafuta kwanza. Plasta ya Paris ni jasi iliyochomwa kwa joto la takriban nyuzi 150 hadi ikapoteza sehemu kubwa ya maji yaliyokuwa ndani ya fuwele zake. Ukiirudishia maji, inayanywa, inageuka jasi tena, na katika kugeuka huko inatoa joto. Ikiwa nyembamba, joto hilo hutoweka hewani, lakini ikiwa bonge zito ndani ya ndoo, joto halina pa kutokea na linaweza kupita nyuzi 60, kiwango ambacho huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache tu. Wakati huohuo plasta inakuwa imeshashika na kutanuka kidogo, kwa hiyo anayeungua hawezi kuuchomoa mkono. Mwaka 2007, katika jimbo la Lincolnshire nchini Uingereza, msichana wa miaka 16 alitumbukiza mikono yake katika ndoo ya plasta wakati wa somo la sanaa ili atengeneze sanamu ya mikono yake mwenyewe, akapoteza vidole vyake vingi. Huyo alikuwa na miaka 16, mwenye uwezo wa kupiga kelele na kueleza anachokisikia. Mtoto wa wiki sita, ambaye ngozi yake ni nyembamba kuliko yetu, atalia tu, na mzazi atadhani analia kwa sababu ameshikwa mkono.

Njia sahihi ina hatua mbili zinazotumia vitu viwili tofauti. Kwanza unachukua kalibu, yaani umbo la ndani, kwa kitu laini kisicho na joto, mtoto anatoa mkono wake, anafutwa na kurudi kwa mama yake. Kisha plasta inamiminwa katika tundu lililoachwa na mkono, mtoto akiwa chumba kingine kabisa.

Kitu hicho laini ni alginati, ule unga ambao daktari wa meno huukoroga na kuuweka kwenye sahani ya kupimia kabla ya kukutia kinywani. Unatokana na mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Ndugu zangu wa Zanzibar wasidhani kwamba ni ule unaolimwa Paje na Jambiani, kwani huo ni mwani wa jamii nyekundu na hutoa karajini, kitu kingine chenye matumizi mengine. Alginati ikichanganywa na maji huwa uji mzito, na baada ya dakika chache uji huo unaganda na kuwa kama jeli imara yenye unyumbufu, bila kupata joto. Inachukua hata mikunjo ya ngozi na mistari ya kiganja. Inapatikana katika maduka ya vifaa vya meno, kwa kawaida katika pakiti za gramu 450 hivi, na pakiti moja itatosha mikono na miguu yote pamoja na jaribio ambalo nitalieleza. Chagua aina ya kushika kwa kasi ya kawaida, si ile ya haraka, maana ya haraka itaganda kabla hujaufikia mkono wa mtoto. Kuna aina ambazo hubadilika rangi zinapokaribia kuganda, nazo ni msaada mkubwa kwa anayeanza. Ukiweza kuchagua, kwepa zenye manukato makali.

Tahadhari moja kuhusu unga wenyewe: alginati nyingi za meno zina vumbi laini lenye silika, ambalo halifai kuingia katika mapafu ya mtu yeyote. Pima na koroga ukiwa umevaa barakoa, mahali penye hewa, mtoto akiwa mbali, kisha mlete uji ukiwa tayari umeshalowa. Funga pakiti barabara baada ya kutumia, kwa sababu unyevu wa pwani huiharibu upesi.

Kuhusu plasta, ile nyeupe ya kawaida inafaa kwa mguu, ambao ni mnene na hauvunjiki ovyo. Kwa mkono napendekeza aina ngumu ya maabara ya meno, ambayo sisi huiita stoni, kwa sababu kidole cha mtoto mchanga kikiwa cha plasta ya kawaida huvunjika kwa kuguswa tu. Zinatofautiana katika maji: gramu 100 za plasta ya kawaida zinahitaji mililita 45 hadi 50 za maji, wakati gramu 100 za stoni zinahitaji mililita 28 hadi 30 tu. Usiongeze maji kwa sababu mchanganyiko umeonekana mzito, kwani kila tone la ziada huacha matundu madogo linapokauka, na matundu hayo ndiyo yanayofanya sanamu iwe dhaifu.

Sasa mtoto mwenyewe. Mtoto mchanga hukunja ngumi, na ukigusa kiganja chake anashika kwa nguvu. Ni maumbile, na hali hiyo hufifia kadiri anavyokaribia miezi mitano au sita. Kwa hiyo ukitaka mkono ulionyooka wa mtoto wa wiki tatu, utapambana naye bure. Mchukue akiwa amekunja ngumi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sura halisi ya umri huo, au mwache ashike kidole cha mama, kisha mikono yote miwili iingie pamoja. Mguu ni rahisi kuliko mkono katika umri wowote wa chini ya mwaka mmoja. Wakati mzuri ni baada ya kunyonya na kucheua, anapokuwa katika usingizi mzito. Mtoto mwenye homa, kidonda, ukurutu au upele aachwe hadi apone. Na kabla ya yote, paka uji kidogo wa alginati kwenye mkono wake, osha, kisha subiri hadi kesho yake uone kama ngozi imewasha au kuwa nyekundu.

Siku ya kazi wanahitajika watu wawili: mmoja ampakate mtoto na kuushika mkono wake, mwingine akoroge. Chombo kiwe kikombe cha plastiki ambacho mkono unaingia bila kugusa ukuta wala kitako. Kwa mguu, chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa katikati inafaa sana, mradi ukingo wake uzungushiwe utepe wa gundi usimkwaruze mtoto. Pima sehemu moja ya alginati kwa sehemu tatu za maji kwa uzani, yaani gramu 70 kwa mililita 210 hivi. Huu ni wepesi kuliko ule wa kinywani, kwa kuwa tunataka upenye katikati ya vidole bila kusukumwa. Joto la maji ndilo linaloamua kasi. Watengenezaji wengi hupanga muda wao kwa maji ya nyuzi 20 na kidogo, lakini maji ya bomba ya Dar es Salaam mwezi wa Februari yana joto zaidi ya hapo na yatagandisha uji ukiwa bado mkononi mwako. Changanya na maji ya friji hadi yasiwe ya kumshtua mtoto wala ya uvuguvugu. Ndiyo maana nasisitiza jaribio: koroga kiasi kidogo, tia kidole chako, hesabu muda mpaka kishike. Baada ya hapo utajua una dakika ngapi.

Koroga kwa nguvu ukiuponda uji kwenye ukuta wa bakuli kwa muda wa dakika moja hivi, mpaka mabonge yaishe. Paka kwanza uji kwa kidole chako katikati ya vidole vya mtoto na kwenye mikunjo ya kiganja, kwa sababu hapo ndipo hewa hujificha, kisha uingize mkono ndani ya kikombe na kuutuliza bila kuubana. Uso wa uji ukiacha kunata kidoleni, subiri sekunde chache zaidi, halafu tikisa mkono taratibu ili hewa iingie pembeni. Alginati itaachia yenyewe na mkono utatoka. Ngumi iliyokunjwa nayo hutoka, kwa kuwa jeli hiyo hupanuka na kurudi. Mtoto akiamka na kuchomoa mkono mapema, mwacheni. Muosheni, mnyonyesheni, na kazi iahirishwe hadi siku nyingine. Kumlazimisha mtoto kwa ajili ya pambo la ukutani si jambo la kujadili.

Kuanzia hapo unakimbizana na muda. Alginati ni maji kwa sehemu kubwa, na maji hayo huanza kutoka mara moja, kalibu ikasinyaa na mkono ukawa mdogo na uliopinda. Mimina plasta ndani ya dakika 15. Ukichelewa kidogo, funika kalibu kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, lakini usiizamishe majini, maana huko itavimba.

Katika kuchanganya, plasta ndiyo inayofuata maji. Nyunyiza unga juu ya maji, uache unywe kwa nusu dakika, kisha koroga polepole bila kupiga povu. Mwaga maji yaliyotuama katika kalibu. Halafu mimina plasta kijiko kimoja tu, uinamishe kikombe huku na huku, ukikigongagonga mezani. Utaiona plasta ikitambaa ukutani kama uji wa mtama na kuingia katika tundu la kila kidole, na kiputo cha hewa kikipanda juu na kupasuka. Mwaga iliyozidi, ongeza kijiko kingine, gonga tena. Ncha za vidole zikishajaa, malizia kwa kumimina iliyobaki. Anayemimina yote kwa mara moja hupata mkono usio na kidole gumba.

Acha kwa dakika 45 hadi saa moja. Isikae usiku kucha, kwani uso wa plasta utakuwa wa unga unga. Kata kikombe, kisha ondoa alginati vipande vipande kwa vidole na mpini wa kijiko cha mti, ukianzia kwenye kifundo cha mkono. Usitumie kisu. Ukikaribia vidole nenda taratibu zaidi ya unavyodhani inafaa. Vipele vya plasta vilivyotokana na viputo vya hewa hubanduliwa kwa njiti ya meno, na kidole kikivunjika, gundi nyeupe ya mbao hukirudisha, sanamu ikishakauka, bila alama kubwa.

Plasta iliyobaki isimwagwe kwenye sinki wala chooni, kwani itashika ndani ya bomba. Iache igande katika chombo chake, kisha itupwe.

Mwisho, kwa wanaosema kwamba hili ni jambo la kizungu la juzi juzi: la kizungu ni kweli, la juzi si kweli. Malkia Victoria wa Uingereza alitengenezewa mikono na miguu ya watoto wake kwa marumaru katika miaka ya 1840, na viungo hivyo vidogo bado vinaonekana katika jumba la Osborne, kisiwa cha Wight. Kwetu sisi ambao picha nyingi za watoto hupotea pamoja na simu, naona kuna maana katika kuwa na kitu kinachoshikika. Karibuni kwa maswali.

mama_kijacho

Fundi, ahsante kwa maelezo haya. Nina swali linalonisumbua. Mtoto wa dada yangu alizaliwa na miguu kifundo, na hospitali walimfunga piopi akiwa na wiki mbili tu, wakaibadilisha kila wiki. Hiyo si plasta hiyohiyo? Mbona hakuungua?

fundi_meno

Dada, ni plasta hiyohiyo, na swali lako ni zuri kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi. Pale hospitali mguu hufungwa kwanza kwa pamba laini, kisha bendeji yenye tabaka jembamba la plasta huloweshwa katika maji ya uvuguvugu na kuzungushwa mara chache. Tabaka ni jembamba na hewa inalifikia, kwa hiyo joto linatoka. Pia anayefunga amefundishwa, na anaangalia vidole vya mtoto kama vinabadilika rangi. Hilo halifanani na kuutia mkono mtupu katika bakuli la plasta. Naomba usijaribu kutumia bendeji hizo nyumbani kwa kazi hii.

msomaji_mombasa

Kaka, hongera kwa uzi uliokamilika. Mimi nataka kugusia jambo ambalo si la ufundi. Huku kwetu mama na mtoto hukaa ndani hadi arobaini, na wazee wengi hawapendi unyayo wa mtoto ubaki mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuuchukua. Mama mkwe alipoona nimeagiza alginati alinyamaza, na ukimya wake niliuelewa. Aidha wapo wanaouliza hukumu ya dini kuhusu sanamu. Unawashauri nini wenye hali kama yangu?

fundi_meno

Dada yangu, kuhusu dini mimi si mwenye elimu. Ninalolijua ni kwamba wanazuoni wengi wametofautisha umbo kamili la kiumbe na kiungo kisicho na kichwa, lakini jibu la kulifanyia kazi ulipate kwa shekhe unayemwamini, si kwa fundi wa meno. Kuhusu mama mkwe, ningemngoja. Alginati iliyofungwa vizuri haiozi, na mtoto wa miezi miwili bado ana mkono mdogo wa kupendeza. Mweleze kwamba sanamu itakaa ndani, ikiwezekana chumbani kwake, na kwamba kalibu yenyewe husagika yote wakati wa kuifungua, kwa hiyo hakuna alama inayotoka nje ya nyumba. Akikataa bado, wino wa karatasi ndani ya kitabu cha familia unaweza kuwa makubaliano. Kitu cha kumbukumbu kisianzishe ugomvi katika nyumba ya mzazi.

mkunga_tanga

Naomba niongeze kwa upande wa wodini. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati wasifanyiwe kalibu kabisa mpaka daktari aruhusu. Ngozi yao inachubuka kirahisi, na kuwaweka wazi kwa dakika kadhaa katika kitu chenye ubaridi kunawapunguzia joto la mwili ambalo tunahangaika kulitunza. Kwa hao, alama ya wino salama kwenye karatasi inatosha, nayo ifanyike wanapofunguliwa kubadilishwa nguo.

Na kuna jambo jingine ambalo ni zito kulisema lakini linahitaji kusemwa. Wapo wazazi ambao mtoto wao amefariki au amezaliwa akiwa amefariki, na baadaye wanatamani wangekuwa na alama yake yoyote. Katika hospitali za Uingereza wazazi hao hupewa kisanduku cha kumbukumbu chenye vifaa vya kuchukua alama ya mkono na mguu. Hapa kwetu mara nyingi mwili huoshwa na kuzikwa upesi, na hakuna anayeuliza. Mzazi akitaka, aombe. Muuguzi anaweza kupaka wino kwenye unyayo na kuubonyeza kwenye karatasi kwa dakika mbili tu, na mzazi asiyetaka asishawishiwe.

fundi_meno

Mkunga, ahsante sana. Ninaomba wanaosoma uzi huu wachukue maneno yako kuwa ni sehemu ya maelezo yangu.

mjenzi_mwanza

Kiongozi, dukani kwangu nauza unga wa jipsamu wa dari. Unaweza kutumika badala ya plasta ya Paris? Na kwa asiyepata alginati huku mikoani afanyeje?

fundi_meno

Kaka, unga wa kupiga dari na kulainisha kuta mara nyingi umechanganywa na vitu vya kuuchelewesha kushika na vya kuujaza, kwa hiyo hubaki laini na hukwaruzika. Uulizie ule wa kufinyangia mapambo ya dari, ambao huwa plasta halisi. Ujaribu kwanza: changanya kidogo katika kifuniko cha chupa. Ukishika ndani ya nusu saa na ukucha usiingie baada ya kukauka, unafaa kwa mguu.

Asiye na alginati atumie donge. Kanda vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi na kimoja cha maji, ukitia maji kidogo kidogo hadi donge lisinate. Litandaze unene wa vidole viwili, ubonyeze unyayo wa mtoto kwa sekunde chache, ukihakikisha vidole vya mguu vimezama sawasawa na kisigino, kisha muoshe mtoto mara moja asije akatia chumvi mdomoni. Pakaza mafuta ya kula ndani ya alama kwa brashi, mimina plasta, na baada ya saa moja bandua donge. Utapata upande wa chini wa mguu tu, si mguu mzima, lakini mistari yake yote itakuwapo. Usiliweke donge lenyewe kama kumbukumbu, hasa kwa wakazi wa pwani, kwa sababu chumvi huvuta unyevu, na ukungu na mende hufuata.

mama_kijacho

Swali langu la mwisho, fundi: sanamu ikishatoka, inapakwa rangi lini?

fundi_meno

Ikishakauka ndani, si juu tu. Iweke juu ya waya au kichanja hewa ipite chini, kivulini, mbali na jiko. Dodoma au Nairobi wakati wa kiangazi, wiki moja hutosha, lakini Tanga, Unguja au Dar wakati wa masika inaweza kuchukua wiki mbili au zaidi. Kipimo tunachokitumia maabara ni shavu. Ukiigusisha shavuni ikawa ya ubaridi, maji bado yamo. Ikiwa na joto sawa na kitu kingine chochote kilichokaa chumbani humo, ni kavu. Hapo paka vanishi isiyong'aa ya maji, matabaka mawili membamba, na kama unataka rangi ya dhahabu au fedha itangulie vanishi. Ukiziba ikiwa mbichi, rangi itapasuka na kubanduka ndani ya miezi michache. Nyuma ya sanamu, kabla ya kuipeleka kwa fundi wa fremu, andika kwa penseli jina la mtoto, tarehe na umri wake siku hiyo, maana watoto wakishakuwa watatu, hakuna mzazi atakayekumbuka mguu upi ulikuwa wa nani.